Dhahabu Iliyorudi Siku ya Nane

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima hii ya Uluguru kwa uwezo wake, akatupa magoti ya kuipanda, kisha akayachukua magoti hayo kidogo kidogo bila kutunyima pumzi. Namshukuru kwa aliyonipa na kwa aliyonicheleweshea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake.

Baada ya hayo, naandika habari ya sarafu moja ya dhahabu na uchovu ulionipata kwa ajili yake. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati serikali ilipotulazimisha kuchimba matuta katika mashamba ya mteremkoni, na kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, alirudi nyumbani jioni na mgongo usionyooka.

Sarafu yenyewe ilikuwa nyembamba kama ganda la kunde, na upana wake haukuzidi sana ukucha wa kidole gumba. Juu yake kilikuwa kimeunganishwa kitanzi kidogo cha kupitishia uzi. Pande zote mbili zilijaa maandishi ya Kiarabu, mengine yamefutika kwa kusuguana na ngozi za watu. Iliwekwa ndani ya kopo la ugoro, imezungushiwa pamba, na mwenye kopo alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Aliipata ujanani, kabla reli haijafika kwetu, alipokuwa akibeba mizigo ya mfanyabiashara mmoja Mwarabu kati ya Mikese na pwani. Mwarabu yule aliugua homa njiani, mjomba akamuuguza kibandani kando ya njia mpaka akapona, naye akamlipa sarafu hiyo badala ya ujira wa safari mbili.

Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata mama. Shamba, kigoda cha ukoo, hata majina ya wazee, vyote vinatoka kwa mjomba vinakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Mjomba alipooa, aliitoa sarafu ile kuwa mahari, ikatajwa mbele ya mashahidi, bibi arusi akafungwa shingoni. Akakaa nayo siku saba za fungate. Siku ya nane mzee wa ukoo wetu wa wakati huo, mjomba wa mjomba wangu, akasema kwamba dhahabu iliyopatikana na mtoto wa ukoo wetu haiwezi kulala katika shingo ya ukoo mwingine. Kungwi akatumwa, akaifungua, akairudisha ikiwa na kikapu cha mchele na kuku.

Mambo yakaanzia hapo. Kijana mwingine wa ukoo akaoa, akaiazima. Kisha jirani. Kisha watu wa bonde la pili. Kila Mwislamu wa mteremko ule aliyekuwa hana kitu aliijia kwa mjomba, ikawekwa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, ikatajwa kuwa mahari, baba wa binti akaiangalia na kutikisa kichwa kwa heshima, na siku ya nane ikafunguliwa ikarudi koponi. Mabinti walijua tangu unyagoni kwamba itarudi. Hakuna aliyeona ubaya. Tuliona tumepata njia ya kuoa kwa dhahabu kama watu wakubwa, na ukoo nao haukupoteza kitu.

Mimi mwenyewe nilioa nayo, mwanzoni mwa miaka ya arobaini. Mwaka uliofuata nilimwacha mke wangu mlimani na jembe, nikateremka Morogoro mjini kusoma kwa sheikh mmoja aliyekuwa na darsa karibu na soko. Nilikaa kwake miaka sita. Tulipofika mlango wa mahari nilimuuliza, nikijifanya nauliza habari za watu wa mbali, ikiwa mahari inatajwa kisha inachukuliwa, hukumu yake nini. Akasema, "Ndoa ni sahihi. Mahari ni haki ya mke, yake peke yake, si ya baba yake wala ya ukoo wa mtu yeyote. Kama mume ametaja kitu kisicho chake, anadaiwa mahari ya mfano wa wanawake wenzake. Haimtoki mpaka alipe, au mke mwenyewe asamehe kwa ulimi wake, bila kushurutishwa."

Nilifunga kitabu na mdomo nikaufunga pamoja nacho. Niliporudi mlimani kufundisha chuo cha watoto, niliozesha watu mara mbili kwa sarafu ile ile, nikiwa nimevaa joho, nikaitaja mbele ya mashahidi. Mjomba ndiye aliyekuwa akinipa mahindi wakati nasoma. Sikuwa na uso wa kumwambia.

Basi katika mwaka mmoja wa matuta, mjomba akaugua. Miguu ilivimba, kifua kikajaa, akawa halali ila ameegemea ukuta. Akaniita asubuhi moja, akanipa kopo.

"Nisomee," akasema.

"Mjomba, miaka yote hii hujawahi kuniambia nikusomee."

"Miaka yote hii nilikuwa siumwi. Soma."

Nikaitoa mlangoni penye mwanga, nikaigeuza. Upande mmoja lilikuwa jina la sultani na jina la baba yake, na dua kwamba Mungu autie nguvu ushindi wake, na kwamba imepigwa Misri, na mwaka wa Hijra uliokwishapita zaidi ya miaka mia nne. Majina siyataji hapa. Upande wa pili alijiita mpiga sarafu za dhahabu, mwenye utukufu na ushindi, bara na bahari.

"Hakuna Bismillahi?" mjomba akauliza.

"Hakuna, mjomba."

"Wala jina la Mtume?"

"Wala. Ni mfalme anajisifu."

Akaniambia alitarajia iwekwe kifuani pake wakati wa kukata roho, akidhani ni aya. Halafu akauliza, "Umesema bara na bahari. Milima je?"

"Hakuitaja."

"Basi hatujui huyo." Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Alipotulia akasema, "Kwa hiyo ni mali tu."

"Ni mali tu, mjomba."

"Mali ya nani?"

Kikohozi chake kilikuwa kimekwisha, na nje nilimsikia mke wake akipepeta mchele. Nikamweleza yote niliyoyasikia kwa sheikh. Alisikiliza macho yakiwa juu ya dari.

"Ulijua lini?"

"Miaka saba sasa."

"Na mwaka juzi ukamwozesha nayo yule binti wa ng'ambo ya mto."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi tumeshirikiana," akasema. Hakukasirika, na mimi ningeona afadhali angekasirika. "Sitaki kwenda na jambo hili. Waume zao wanadaiwa, sawa, lakini mimi ndiye niliyefungua mlango. Nenda kwa hao wanawake. Waambie mzee anaomba wamsamehe, na waume zao wawaombe wenyewe."

Tukaanza kuwakumbuka. Walio hai walikuwa tisa. Alimtaja mmoja mmoja na kijiji chake, akataja hata aliyekwisha hama. Mke wake mwenyewe hakumtaja. Nje ungo uliendelea kupepeta. Niliona kwamba hakumtaja, naye aliona kwamba nimeona.

Mtu aliyezoea tambarare hawezi kujua maana ya wanawake tisa katika Uluguru. Nyumba unayoiona ng'ambo, unayoweza kumwita mwenyewe akakuitikia, ni safari ya nusu siku: unateremka mpaka mtoni, unavuka juu ya mawe, unapanda tena mpaka magoti yanatetemeka. Nilikuwa na siku za chuo na siku za kuchimba matuta, kwa hiyo nilikwenda nilipopata nafasi, mvua ikininyeshea, na wiki zikapita. Mjomba alikuwa akidhoofika, nami kila nilipochelewa nilihisi kama namshikia mlango usifunguke.

Wa kwanza alikuwa wa ukoo wa watani zetu, mama mnene mwenye shamba la ndizi upande wa Kinole. Nilipomaliza kueleza alikaa chini akacheka.

"Haa! Watani zangu nyie wezi tangu zamani. Mnatuibia hata arusini! Na mwalimu mzima umepanda mlima kuja kukiri?"

"Nimekuja kuomba, mama, si kukiri."

"Kwani kuna tofauti gani? Nimewasamehe. Lakini yule kuku wangu aliyefuatana na dhahabu, huyo simsamehi. Alikuwa mtagaji."

Mumewe hakuwepo. Nikaambiwa alisikia nakuja akaenda kuchimba matuta kwa hiari yake, kazi ambayo siku nyingine ilibidi tarishi amtoe uvunguni. Nilimkuta huko, nikamweleza haki iliyo juu yake. Akauliza kama inawezekana kuilipa kwa mafungu.

Mwingine alikuwa ameachwa, akaolewa tena na mkulima Mkatoliki wa vijiji vya misheni, akabatizwa. Alinipokea vizuri, akanipa maji na viazi.

"Shikamoo mwalimu. Sasa mimi naenda misa. Nikusamehe kwa dini ipi?"

"Kwa yoyote uliyo nayo, mama. Haki yako haikubatizwa."

Akacheka, kisha akawa mpole. "Ilikuwa baridi," akasema, akijigusa chini ya koo. "Siku ya kwanza ilikuwa baridi, halafu ikapata joto langu. Kungwi alipoifungua, mahali pale pakawa baridi tena. Nimesamehe, mwambie mzee. Ila niambie, ilikuwa dhahabu kweli?"

Swali hilo waliniuliza karibu wote. Wengine walisamehe kabla sijamaliza sentensi, na hao ndio walionichosha zaidi, kwa sababu niliona walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba kitu chochote kingeweza kuwa chao. Mmoja alikataa kumsamehe mumewe, akamsamehe mjomba. Huo ulikuwa uamuzi wake, nami sikumshurutisha.

Nilipowamaliza tisa, nilimuomba mjomba ruhusa nikateremka mjini na kopo mfukoni, ili nijue ni dhahabu kweli na ili nimweleze sheikh mambo yalipofikia. Sonara alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyekaa sakafuni mbele ya mkaa wake. Aliichukua sarafu, akaisugua juu ya jiwe jeusi, akadondosha maji makali juu ya mstari uliobaki, akangoja. Mstari haukubadilika. Akaiweka kwenye mizani ndogo na kuipima kwa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi.

"Dhahabu safi," akasema. "Hii huitwa sultani. Wafalme wa Rumu, Waturuki, walipoiteka Misri wakapiga hizi palepale. Dhahabu yenyewe ilitoka nchi za watu weusi, kule magharibi, ikavuka jangwa kwa ngamia. Halafu wafanyabiashara na mahujaji wakazichukua mpaka Yemeni, mpaka Hindi. Kwetu wafalme wa Hindi walikuwa na yao, mohuri, nzito kuliko hii. Babu yangu aliyeyusha za Rumu nyingi kwa ajili ya bangili. Na huu mwaka, usidhani ndio mwaka iliopigwa. Ni mwaka sultani aliokaa kitini. Anaweza kutawala miaka arobaini, mwaka ni ule ule."

"Na kitanzi?"

"Kitanzi cha baadaye. Mtu anaweka kitanzi akishaamua haitatumika tena dukani." Akanirudishia. "Unauza, mwalimu?"

Nikasema si yangu.

Sheikh alikuwa amezeeka, macho yamefunga ukungu. Aliipapasa sarafu kwa vidole, akasema kwamba kwa wafalme wa Kiislamu utawala ulijulikana kwa mambo mawili: jina kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina kupigwa katika sarafu. "Mtu alikuwa akiasi, la kwanza ni kuyaondoa haya mawili." Kisha akanisikiliza nikieleza habari za wanawake tisa. Nilidhani atanisifu.

"Mjomba wako aliipata kwa ujira wake?"

"Ndiyo, sheikh."

"Ilikuwa mkononi mwake, mali yake, akaitoa kuwa mahari ya mke wake?"

"Ndiyo."

"Basi tangu siku ile ni ya yule mama. Hao tisa waliazimwa mali yake bila yeye kuulizwa. Wewe umezunguka mlima wote, umemwacha mwenye mali jikoni." Akanirudishia kopo. "Yuko hai?"

"Yuko hai, anampikia mjomba uji."

"Rudi upesi."

Niliupanda mlima siku ile ile, na sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilikaa chini mara nyingi.

Mke wa mjomba nilimkuta uani asubuhi yake, akiosha mashuka ya mgonjwa. Kwa mila zetu mke wa mjomba humtania mpwa, kwa kuwa mpwa ndiye mrithi wa mjomba, na siku zote alikuwa akiniita mume wake mdogo.

"Karibu mume mdogo. Umekonda. Hao wanawake zako tisa hawakukupa chakula?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unajua kila mtu amenieleza. Watani wamepita hapa wanacheka. Mpaka watoto wa chuo chako wanajua. Mimi tu sijaambiwa na mtu wa nyumba hii."

Nikamweleza aliyoyasema sheikh, neno kwa neno, nikamwekea kopo juu ya jiwe la kufulia. Hakuligusa. Aliendelea kukamua shuka.

"Kwa hiyo unaniomba nimsamehe."

"Ndiyo, mama."

"Simsamehi."

Nilisema hali yake ni mbaya, huenda siku zake ni chache.

"Siku zake nazijua kuliko wewe. Namgeuza mimi. Namwosha mimi. Kila siku nakaa naye karibu kuliko ulivyokaa wewe sasa, na anao ulimi. Amemtuma mpwa wake kwa wanawake tisa milimani, na mimi ambaye nipo hatua mbili ananitaka nini? Aje kwangu kwa mjumbe?" Akaikung'uta shuka, maji yakaniruka. "Niliifunga siku saba. Nilikuwa binti. Nililia walipoifungua, mama yangu akanipiga kofi kwa sababu ya kulia. Yeye alikuwa amesimama pale, anaangalia miguu yake. Hakusema hata pole. Nilimzalia watoto sita sijamwambia neno hili. Leo aniulize mwenyewe."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie." Nilipogeuka kwenda akaongeza, "Na mkeo, umeshamwuliza?"

Wanawake tulioorodhesha na mjomba walikuwa tisa, na mke wangu hakuwa mmoja wao. Sisi wawili, mjomba na mpwa, tulikuwa tumewaruka wa kwetu.

Nikalichukua kopo, nikaingia ndani kwa mjomba. Nilimwambia kwamba ni dhahabu kweli, na ya nani. Akalitazama kopo mkononi mwangu.

"Ukoo utasemaje?"

"Ukoo utakasirika."

"Nikimpa, wewe utarithi nini?"

"Kopo," nikasema.

Akatabasamu kidogo. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mzee kama yeye. "Naona haya. Miaka hamsini. Naanzaje?"

"Anza tu, mjomba. Yupo uani."

Nikamwita mke wake. Akaingia akijifuta mikono kwenye khanga, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama ukutani. Nilitaka kutoka, mjomba akanishika kanzu. Nadhani aliogopa kubaki peke yake.

"Mke wangu," akasema, "ile siku ya nane."

"Nimesikia."

"Nilitakiwa niseme kitu. Sikusema. Nilimwogopa mjomba wangu."

"Nilijua ulimwogopa."

"Dhahabu ni yako. Ilikuwa yako. Nimewaazima watu kitu chako, sikukuuliza. Nakuomba radhi."

Mwanamke yule hakugeuka. "Nifunge," akasema.

Mjomba akatoa sarafu koponi. Nilikuwa nimeipitisha uzi mpya mjini. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunji, na uzi ulikuwa mwembamba. Alijaribu, ukateleza. Alijaribu tena. Nikanyoosha mkono.

"Wewe tulia," mke wake akasema bila kugeuza kichwa. "Atafunga mwenyewe."

Nikatulia. Ilichukua muda wa kusoma Yasini nzima, na kweli niliisoma moyoni. Mara mbili sarafu ilianguka mgongoni kwake, akaiokota akampa tena, akageuka kama kwanza. Mjomba alikuwa akihema kama mtu anayepanda. Mwishowe fundo likashika, fundo baya kama la mtoto. Mwanamke akaipapasa shingoni.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa kunywa uji, umepoa."

Mjomba aliishi siku kumi na mbili baada ya hapo. Aliondoka mchana baada ya adhuhuri, akiwa ametamka shahada, nasi tulimsikia. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Mjane akiwa edani hajipambi kwa dhahabu. Nilikuwa mwalimu wa kijiji, ilikuwa kazi yangu kumwambia, nami nilikaa siku nzima ya mazishi nikitafuta namna ya kulisema neno hilo kwa mtu aliyeingoja shingoni kwake miaka hamsini. Sikuhitaji. Jioni aliniita dirishani, akanipa kitu ndani ya kitambaa. "Najua sheria," akasema. "Nitunzie miezi minne na siku kumi. Usimwonyeshe mtu wa ukoo wenu."

Wazee wa ukoo waliniita kabla hata ya arobaini. Wakaniambia nilete dhahabu. Nikasema ni amana ya mwenyewe. Wakasema mimi ndiye niliyesoma mpaka nikauvua ukoo nguo, na vijana sasa wataoa kwa nini? Mmoja, ambaye nilikuwa nimeishi naye nyumba moja utotoni, akanitemea mate miguuni. Wakampa kigoda cha mjomba mtu mwingine. Sikubishana nao. Nilikuwa nimechoka, na walikuwa wamechoka pia, mikono yetu sote ina malengelenge ya majembe. Vijana waliendelea kuoa. Wengine walitoa shilingi ishirini, wengine khanga na jembe, mmoja alitoa michungwa mitatu iliyokwisha zaa. Nilipotaja vitu hivyo mbele ya mashahidi, sauti haikunikwama.

Eda ilipokwisha nilimrudishia mwenyewe. Aliivaa mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, kisha ikaenda kwa binti zake, ambao kwa desturi yetu ni wa ukoo wake na si wa kwetu. Kama bado ipo au imeyeyushwa, sijauliza.

Lililobaki lilikuwa langu. Nilimkuta mke wangu akipukuchua mahindi. Nilikaa mbele yake, nikachukua gunzi, nikalishika tu.

"Nilikuwa nangoja," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kwenda kwa wenzangu."

"Nakuomba unisamehe mahari yako."

"Kwa nini nikusamehe? Una mikono." Akaendelea kupukuchua. "Nilibaki hapa na jembe miaka sita wewe unasoma. Nataka mahari yangu. Nataka mbuzi jike, wa Gairo, wale wenye miguu mirefu. Awe wangu, na watoto wake wangu. Nikitaka kuuza nauza, usiniulize."

Niliuza joho langu. Nilipanda lori hadi Gairo siku ya mnada, nikamchagua mbuzi mweupe mwenye doa kichwani, nikarudi naye mpaka Morogoro nimekaa juu ya magunia ya karanga. Kutoka mjini tulianza kupanda pamoja. Alikuwa mbuzi wa tambarare. Alipouona mlima alisimama, akatazama juu, akalala chini. Nilimvuta, nikamsihi, nikamkatia majani. Watu walionikuta njiani walinisalimia, "Mwalimu, mbuzi anakufundisha nini leo?" Mwisho nilimbeba mabegani, miguu minne nimeishika kifuani, mvua ikaanza, nikapanda hivyo mpaka nyumbani, nikipumzika kila penye jiwe na kusoma tasbihi kwa kuhesabu hatua.

Mke wangu alimpokea mlangoni. Akamfungua mdomo, akatazama meno, akamshika kiwele, akampa majani ya viazi. Muda mrefu hakunitazama. Kisha akasema, "Umelowa, na unanuka mbuzi. Nenda kaoge, magharibi imekaribia." Nikaenda kuoga.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe riziki iliyo yako na akupe moyo wa kuitoa ile iliyo ya mwenzako. Akufungulie ulimi wa kuomba radhi nyumbani kwako ungali na pumzi, akuwekee wepesi katika kila mlima unaoupanda, na siku ya safari yako ya mwisho akukute huna haki ya mtu shingoni. Amin.